Sakafu ya Darasa la Sita

Jumatatu, 14 Oktoba

Gaëlle, mkuu wa shirika letu, ametugawia madaftari na kutuomba tuandike kazi ya kila siku, hata kama ni mstari mmoja, ili mwisho wa muhula awe na kitu cha kuwaonyesha wanaotusaidia. Shirika ni dogo: watu watano na chumba kimoja cha kupanga hapa Kampemba. Linaitwa Benchi Moja kwa sababu lilianza kwa kutengeneza mabenchi ya shule za serikali ambako watoto walikuwa wakiandika wakiwa wamekaa chini. Sasa tunafundisha pia kusoma. Tangu masomo ya msingi yawe bure, mwalimu mmoja ana watoto tisini, mia, na aliyebaki nyuma hana wa kumrudia.

Mimi ni Honorine, nilifundisha miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Nimepewa watoto thelathini na mmoja wa darasa la sita ambao hawawezi kusoma sentensi mpaka mwisho, na mwaka huu wana mtihani wa taifa. Nitakuwa nao Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nane mchana, wenzao wakishatoka.

Joto. Mvua bado.

Jumatano, 16 Oktoba

Wote wamefika. Silabi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Katika benchi la nyuma kuna msichana anaitwa Mapalo, ana miaka kumi na miwili, mwembamba, anaandika haraka kuliko anavyosoma. Leo katikati ya somo alivua kandambili moja akaweka unyayo kwenye saruji, akatulia hivyo kama mtu anayepima joto la maji. Nikamuuliza anafanya nini.

"Kuko muntu kule chini, Mama. Iko nagonga."

Nilingoja wenzake wacheke. Hawakucheka. Nilipowatazama, vichwa vyote vilikuwa vimeinama kuelekea sakafuni, na nikaelewa kwamba walikuwa wanajua siku nyingi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimesikia mwenyewe. Mara tatu, kimya, mara tatu. Hakikuwa kishindo kikubwa. Ni kama mtu mpole anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua.

Nilikwenda kwa Bwana Lucien, mkuu wa shule. Ni mtu wa utaratibu, suti ile ile ya kijivu kila siku, daftari la mahudhurio kwapani.

"Mama Honorine, ile ni mabomba," aliniambia.

"Mabomba gani, Directeur? Watoto wanakunywa maji ya kisima."

"Basi ni panya. Masomo hii, shule nzima, iko na batoto elfu moja na mia tatu. Kama nasikiliza kila panya, nitafundisha saa ngapi?"

Niliomba chumba kingine. Akanifungulia mlango wa ofisi nitazame mwenyewe: kila darasa lilikuwa limejaa wale wa zamu ya mchana. Chumba kilichokuwa tupu ni hicho tu.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza. Udongo umenuka vizuri. Hapakuwa na mlio.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mvua. Mlio umerudi, karibu zaidi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nilimkuta Mapalo kabla ya saa nane, peke yake darasani, amekaa chini katikati ya mabenchi. Aligonga saruji kwa kisigino mara tatu. Chini pakajibu mara tatu. Akagonga mara mbili, zikaja mbili.

Nilimvuta mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Usimjibu," nilisema, halafu nikashangaa kwamba nimesema *usimjibu*, kama vile nami nakubali kuna wa kujibiwa.

"Lakini Mama, muntu akibisha hodi, hatumujibu?"

Jumatano, 30 Oktoba

Nilifika mapema, jua kali, uani wanawake wanauza mandazi. Niliinama nikagonga sakafu kwa kifutio cha ubao. Kimya. Nikajicheka, mtu mzima na wajukuu wanne. Nilikuwa nimeshafika mlangoni jibu lilipokuja.

Jumatatu, 4 Novemba

Imla. Niliwasomea sentensi tano rahisi, za soko, za mvua, za mama anayepika bukari, ugali wetu. Nilikusanya madaftari nikasahihisha nyumbani baada ya kula. Mapalo hakuwa na kosa hata moja katika zile tano. Chini yake kulikuwa na sentensi mbili nyingine, mwandiko ule ule:

*Jeannot, hewa ni kidogo.*

*Jeannot, niko hapa.*

Katika kundi langu hakuna Jeannot. Mtoto asiyeweza kusoma mstari mmoja wa kitabu bila kujikwaa ameandika maneno haya bila hata nukta kukosea mahali pake.

Jumatano, 6 Novemba

Nilimwita kando. "Sentensi hizi nani alikusomea?"

Alizitazama akijaribu kuzisoma, kidole chini ya kila neno, kama anaziona kwa mara ya kwanza. "Ulisema tuandike yenye tunasikia, Mama. Niliandika yenye nilisikia."

Ijumaa, 8 Novemba

Watoto ishirini na sita. Watano wamekatazwa na wazazi. Ukuta wa nyuma umepata ufa mwembamba, na ufani inatoka hewa baridi yenye harufu ya udongo mbichi. Nimemwonyesha Bwana Lucien. Aliweka kiganja, akakiondoa, akakipangusa kwenye suruali. Alisema ataandika barua kwa wakuu wa komini, serikali ya mtaa. Nadhani ameiandika kweli. Si mtu wa kudanganya. Mimi nimempigia Gaëlle. Amesema tuendelee kwa uangalifu. Sijui uangalifu wa kuendea sakafu unakuwaje.

Jumatatu, 11 Novemba

Ishirini na wanne. Mapalo hayupo.

Jumatano, 13 Novemba

Hayupo.

Ijumaa, 15 Novemba

Hayupo. Benchi lake hakuna aliyetaka kulikalia, ingawa mengine yalibanana. Nilimuuliza jirani yake. Msichana yule aliziba mdomo kwa mkono kabla ya kusema: "Banasema ni yeye iko naita ile kintu."

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda kwa shangazi yake, Chisanga, anayeuza makala, mkaa wa kupikia, pembeni ya barabara ya udongo si mbali na soko. Mama yake Mapalo, Kalaba, aliondoka mwaka jana kufanya biashara Mokambo, mpakani, akamwacha mtoto kwa wifi yake. Chisanga alinipa kiti, akapangusa mikono nyeusi kwenye kitenge, na hakutazama uso wangu.

"Mama Honorine, mi sina mubaya na ule mutoto. Lakini tangu iko kwangu, mutoto wangu mudogo haitoke ku homa. Na bantu ya masomo yote banasema. Nilimupeleka ku maombi."

"Maombi ya siku ngapi?"

"Mpaka aseme."

"Aseme nini, dada?"

Alichukua kipande cha makala akakivunja vidoleni. "Mi sijue. Yenye iko nayo."

Nilimwomba namba ya Kalaba. Alinipa bila kubisha. Nadhani alikuwa anangoja mtu amwombe. Simu ya Mokambo iliita mara nyingi bila kupokelewa. Niliacha ujumbe.

Jumatatu, 18 Novemba

Nilifikiri nitakwenda peke yangu. Nilipomweleza Bwana Lucien, alisimama, akafunga vifungo vya koti, akachukua daftari la mahudhurio.

Nyumba ya maombi ni ua wenye ukuta wa matofali na turubai la bluu. Wanawake walikuwa wanaimba polepole. Mapalo alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenyolewa kichwa, midomo imepasuka. Hakuwa amekula tangu Ijumaa. Maji alipewa kifuniko cha chupa asubuhi na jioni. Mwanamke anayeongoza maombi alitupokea kwa adabu kabisa. Hilo ndilo lililonitia hofu, adabu yake.

"Hajaungama," alisema. "Kila tukimuuliza, anasema kuko muntu chini."

Bwana Lucien alifungua daftari. "Mapalo ni namba sitini na saba. Wiki nzima hayupo, siku tano. Nimekuja kumuchukua."

"Directeur, huyu si wa daftari."

"Madame, mtoto mwenye iko mu daftari yangu ni wangu mpaka saa kumi na moja. Kisha tutaona."

Alimwinua yeye mwenyewe. Suti ya kijivu ikachafuka vumbi na hakujali. Nilimpenda sana saa ile, mtu yule niliyemwita moyoni mtu wa makaratasi. Walituacha tupite. Hakuna aliyetufuata, lakini nyimbo zilinyamaza zote kwa pamoja tulipovuka lango.

Mapalo yuko kwangu. Amekunywa uji, amelala. Chisanga amekubali kwa kichwa tu.

Jumanne, 19 Novemba

Kalaba amepiga simu. Alilia, halafu akauliza, kwa sauti ndogo: "Lakini, Mama, ni kweli iko nasikia?" Nilimwambia sote tunasikia. Anakuja akipata gari. Barabara ni mbaya kwa mvua.

Jumatano, 20 Novemba

Mapalo amerudi darasani. Wenzake walisogea ukutani. Chini paligonga saa nzima bila kupumzika. Nilifundisha kwa kupaza sauti.

Ijumaa, 22 Novemba

Vile vile. Mvua kubwa. Watu wa komini hawajaja.

Niandike ukweli. Jioni hii, Mapalo akiosha vyombo, nilimtazama mgongo wake na nikajikuta nahesabu hatua kutoka nilipoketi hadi mlangoni, nikihitaji kukimbia.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Hatukusoma.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeoga mara mbili na bado nina matope masikioni. Nitaandika kwa mpangilio.

Tulifika saa nane kasorobo. Mvua ilikuwa imeanza tena. Watoto ishirini na wawili waliingia. Mapalo alisimama kizingitini.

"Ingia, unalowana."

"Mama, leo haigongi."

"Si ni vizuri?"

Alitikisa kichwa. Matone yalikuwa yanamtiririka kwenye upara. "Imechoka kungoja."

Nilisimama katikati ya chumba nikasikiliza. Kweli, hakuna kitu. Wiki tano nilikuwa nimeomba ukimya huo, na ulipokuja nilishusha macho sakafuni. Kipande cha chaki kilikuwa kimeanguka karibu na mguu wa meza yangu. Nilikiona kinajigeuza. Kilibingirika taratibu, bila upepo, bila mguu wa mtu, kutoka ubaoni kuelekea katikati ya darasa, kikasimama palipokuwa tambarare wiki iliyopita.

Sikupiga kelele. Niliwaambia watoto waache vitabu, watoke mmoja mmoja, watembee kando ya ukuta. Walinitii kama hawajawahi kunitii. Niliwapeleka hadi kwenye mlingoti wa bendera, katikati ya uwanja, na tukasimama pale mvua ikitupiga.

Bwana Lucien alitoka ofisini na mwavuli.

"Mama Honorine, unafanya nini na batoto ya bantu mu mvua?"

"Sakafu imeinama."

"Kesho bazazi batanifunga mimi. Bakigonjwa, nani atajibu? Rudisha batoto ndani."

"Siwarudishi, Directeur. Andika jina langu mahali unapotaka."

Hajawahi kunitazama kwa hasira vile. Alisema atakwenda kuona mwenyewe, na akageuka. Alikuwa amebakiza kama hatua nne kufika mlangoni Mapalo alipoponyoka mkononi mwangu. Alikimbia akamshika koti kwa nyuma kwa mikono yote miwili, akajilegeza chini kama mzigo. Bwana Lucien aliyumba, akageuka kumbandua vidole, akamwambia, "Niachilie, mutoto, niachilie," na alikuwa bado anasema hivyo darasa liliposhuka.

Halikutoa mlio niliotarajia. Kwanza ilisikika kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Nilipotazama kupitia mlangoni niliona mabenchi yakitelezeana, yakijipanga katikati, yakienda chini polepole, na ubao ukayafuata. Kisha ukuta wa nyuma ukaanguka kwa ndani, na mabati, na ndipo kelele ilipokuja. Halafu mvua tu.

Tulihesabu watoto. Wote. Tukahesabu tena.

Bwana Lucien alikuwa amekaa kwenye matope, mwavuli umegeuka juu chini kando yake. Mapalo alikuwa bado ameshika koti.

Alhamisi, 28 Novemba

Watu wengi shuleni. Wengine wanaimba kumshukuru Mungu. Askari wamezungusha kamba. Chini kulikuwa na njia, pana kiasi cha mtu kutambaa, imetoka kwenye kiwanja cha nyuma ya uzio, mahali pa nyumba isiyokwisha kujengwa. Kumbe watu walikuwa wanachimba madini kwa siri, usiku na mchana, chini ya shule, na maji ya mvua yakamaliza kazi.

Jumatatu, 2 Desemba

Wamemtoa mtu.

Nilikuwa pale na kina mama wengine. Alikuwa amefunikwa na gunia na sikutaka kuona zaidi. Kijana wa miaka thelathini hivi alikuwa amechuchumaa nyuma ya kamba, mikono kichwani, askari wawili wamesimama juu yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuwaonyesha mahali. Alisema marehemu anaitwa Mulenga, mwenzake wa kuchimba. Askari mmoja akamuuliza jina lake yeye.

"Jeannot."

Nilishika mti wa uzio. Nilimsogelea nikamuuliza ilikuwa lini.

"Siku ya kufungua masomo, Mama. Tarehe mbili, mwezi wa tisa. Udongo ilianguka katikati yetu. Mi nilikuwa upande ya inje."

"Na yeye?"

"Alikuwa nagonga. Nilikuwa nasikia. Iko naniita. Niliogopa kuita bantu, juu bangenifunga." Alizungumza akitazama ardhi. "Aligonga siku mbili. Siku ya tatu ikanyamaza."

"Siku mbili tu?"

"Mbili, Mama."

Mtu wa komini, mhandisi, alikuwa karibu, akasema mlio waliousikia watoto ni maji yanayosukuma mawe ndani ya njia tupu. Alieleza vizuri, kwa mikono. Wengi walikubali. Mimi nami niliitikia kwa kichwa.

Jumanne, 3 Desemba

Asubuhi nimechana ule ukurasa wa imla kutoka kwenye daftari la Mapalo nikautia kwenye jiko la mbabula chini ya sufuria ya maharagwe. Labda aliwahi kusikia jina la Jeannot likiitwa nyuma ya uzio. Inawezekana. Lakini wenye kumnyoa mtoto kichwa hawangetafuta maelezo yanayowezekana.

Kwa hiyo daftari hili Gaëlle hatalipata. Nitamwandikia jingine, lenye silabi na mahudhurio.

Ijumaa, 6 Desemba

Nilidhani sasa mambo yatakuwa mepesi. Mtoto ameokoa watu ishirini na wanne, mimi nikiwemo. Leo sokoni mwanamke niliyewahi kumfundishia mwanawe alinisogelea: "Mama, ule mutoto alijuaje siku? Mwenye anajua siku, ni yeye anaipanga." Alisema kwa kunionea huruma.

Jumatatu, 9 Desemba

Gaëlle ametoa chumba chetu cha ofisi tuendelee na masomo humo. Wamekuja watoto kumi na watatu. Baba wawili walikuja nao, wakamwona Mapalo, wakawashika watoto wao mikono wakaondoka. Kumi na mmoja.

Gaëlle aliniita barazani. "Mama Honorine, sisemi tumufukuze. Nasema labda tumufundishe siku yake peke yake. Juu ya bale wengine."

"Nyumba ya maombi nayo ilimweka peke yake," nilimjibu.

Alifikicha macho. Ni mtu mwema, na amelala kidogo wiki hizi. Kisha akasema, "Basi abaki. Kama tunabakia na yeye moja tu, tutabakia na yeye moja tu."

Jumatano, 11 Desemba

Bwana Lucien alikuja kwangu na karatasi ya kumhamisha Mapalo shule nyingine, imegongwa muhuri tayari. Alikataa kuketi. Suti ilikuwa imefuliwa, lakini nyuma, pindoni, kitambaa kilikuwa kimechanika na hakikushonwa.

"Alikuokoa," nilisema.

"Najua." Alitazama pembeni, kule Mapalo alikokuwa anachambua mboga ya lengalenga. "Kila usingizi nasikia mikono yake mu koti. Siwezi kumuita namba sitini na saba tena, Mama. Nikifika pale, sauti haitoke."

Mtu aliyeingia kwenye ule ua wa maombi bila kutetemeka. Sikumlaumu. Nilipokea karatasi.

Ijumaa, 13 Desemba

Kalaba amefika kutoka Mokambo na begi moja. Alisimama mlangoni, mtoto alisimama jikoni, na hakuna aliyejua nani atangulie. Mapalo alishika kichwa chake kilichonyolewa, kama anayeona aibu. Hapo mama akatangulia.

Hatarudi mpakani. Amepata chumba mtaa wa tatu kutoka kwangu. Chisanga amewapelekea gunia la makala, akaliweka mlangoni, akaondoka kabla hajaitwa.

Jumatano, 18 Desemba

Somo la mwisho kabla ya sikukuu. Watoto kumi na wanne: watatu wamerudi wenyewe bila kuwaambia wazazi. Mapalo amesoma ukurasa mzima, mstari hadi mstari. Alijikwaa mara mbili tu.

Wenzake walipokwenda alibaki kumngoja mama yake. Mvua ilikuwa inanyesha na tulikuwa wawili tu chumbani, yeye mezani, mimi kwenye kiti karibu na mlango. Aliinua macho kutoka kitabuni.

"Mama Honorine. Sababu gani unakaaka pale?"

Sikumwelewa, halafu nikamwelewa. Tangu aje kwangu, popote tulipokuwa, nilikuwa nachagua kiti cha mlangoni.

"Na wewe unaniogopa?" aliuliza.

Nilikuwa na majibu mengi tayari mdomoni, yale tunayowapa watoto. Nilimtazama, nikaona kwamba huyu atasikia kila moja lilivyo tupu.

"Ndiyo," nilisema. "Kidogo."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Hakuonekana kuumia. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Hata mimi," alisema, "mi najiogopa."

Nilichukua kiti changu nikakisogeza hadi ubavuni mwake. Bega lake lilikuwa la moto, kama la mtoto yeyote. Aligeuza ukurasa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na tukasoma pamoja mpaka Kalaba alipokuja.